Fundo la Mninga

Gaspar alinipiga hata kabla ya salamu. Alinikuta kibandani kwangu Keko nimeinamia kazi, akanishushia ngumi ya shavu, na nilipoanguka kwenye vumbi la mbao akaniongeza teke la mbavu. Jino likanitoka. Mimi si mtu wa kupigwa nikatulia, basi nikakamata tezo langu la kuchongea na kumchana mkono. Ndipo nikamtambua. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Yuliana, na alikuwa ametoka kusini juu ya lori.

"Yuliana kafa, Kasiani," akasema, damu ikimchuruzika. "Maji yamemchukua, yeye na mapacha. Umetuua kwa gogo lako."

Nilijua anasema nini.

Mwaka sabini na tano, Msumbiji wakiwa ndio kwanza wamepata uhuru, ofisi moja ya maji iliniajiri nichonge mfano wa Mto Ruvuma katika pande la mninga, ng'ambo yetu na ng'ambo yao, kwa kufuata vipimo vya karatasi. Wataalamu wa nchi zote mbili walikuwa wakimimina maji kwa birika, wakitazama wapi panazama na wapi panabaki pakavu, kisha wakiamua watu wahamishiwe wapi. Kitu cha akili sana. Nilijisifu nacho mtaa mzima, nikawaandikia na ndugu zangu kijijini.

Lakini pande lile lilikuwa na fundo gumu, upande wetu, ukingoni kabisa. Sisi wachongaji wa kusini hatugombani na fundo. Ukilikata, mti unapasuka. Unaliacha na kulipa sura, na kwenye kinyago linakuwa goti au tumbo la mjamzito. Kwenye mto wangu likawa kilima. Nikakipiga msasa kikang'aa, nikanyamaza. Nani angekitazama?

Walikitazama. Kilima hakikuguswa na maji, basi vijiji vitatu vikasombwa kwa malori na kumwagwa pale.

"Niliwaambia askari hapa hakuna kilima, hapa bondeni," Gaspar alisema. "Nikapigwa kitako cha bunduki. Nyumba zetu za zamani wakazitia moto ili tusirudi. Na tuliopona, wakubwa wanataka kuturudisha palepale, eti gogo linasema pakavu. Wanaamua leo, shemeji."

Nilimfunga mkono kwa shati langu, nikachukua tezo, tukaenda kwa miguu mpaka ofisini, wote tunavuja damu. Mlinzi alitukatalia getini. Gaspar akamsukumia ukutani, tukapita.

Ndugu Ansbert, mkuu wa wataalamu, alikuwa ameshika birika mbele ya wageni wawili wa Msumbiji.

"Ndugu, hicho kilima si cha kweli," nikasema. "Ni fundo la mti. Nililiacha mie."

Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ukirudia neno hilo, wewe mhujumu. Utaozea jela. Nenda nyumbani."

Niliogopa, sitaficha. Niliwaza wanangu watakula nini. Gaspar alikuwa ameinama juu ya mfano, akipapasa kilima kwa kidole.

"Kizuri," akasema. "Umekilainisha vizuri."

Nikalipiga fundo. Tezo liliruka mara ya kwanza. Mlinzi akanifikia, rungu likatua mgongoni, likatua begani, nami napiga tu huku nalia, mpaka fundo likang'oka na pande lote likapasuka hadi pwani.

Gaspar akampokonya Ansbert birika, akamimina. Maji yakateremka moja kwa moja hadi kwenye shimo la fundo, yakatuama.

"Nyumba yetu ilikuwa hapa," akawaambia wale wageni. "Mke wangu alisimama juu ya kitanda, kawabeba mapacha wote wawili."

Mgeni mmoja akachukua kalamu, akakata jina la kijiji kwenye karatasi yake. Mlinzi akashusha rungu. Ansbert alikuwa tayari kwenye simu, akiita polisi.

Kisha Gaspar akageuka, akanipiga tena usoni, na safari hii sikurudisha.