Nusu ya Kaka, Nusu ya Dada

Fundi makochi alikuwa na majibu ya kila kitu kinachokaliwa. Aliweza kubonyeza kochi mara moja kwa kiganja akakwambia springi ipi imechoka. Lakini siku wazee walipokuja kumposa binti yake, mmoja wao akauliza kwa adabu, "Na ninyi hasa ni watu gani?", alijikuta anasema, "Sisi? Watu wa hapa hapa." Wageni wakacheka kidogo, naye akacheka nao. Kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyekuwa na jibu ni baba yake. Mzee huyo, karani mstaafu, alizaliwa katika wale watu wachache waliokuwapo katika nchi hii kabla ya wengine wote, wawindaji na warina asali. Majirani waliwaita watu wa porini, wakawacheka mpaka wakaanza kujificha. Mzee alijificha ndani ya tai. Alifunga tai kazini, akafunga tai msibani, na hata sasa, akiwa anaishi kwa mwanawe, hakutoka kuota jua bila tai. Lugha ya mama yake hakumfundisha mtoto hata neno la kuombea maji.

"Nimekupa lugha ya kukulisha," alikuwa akisema. "Ile nyingine ingekulisha matusi."

Alibaki shangazi mmoja, dada wa baba, naye mapafu yalikuwa yamemwishia. Hospitali walisema apelekwe nyumbani, apewe anachotaka. Fundi akamtandikia kitanda sebuleni. Asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, akamwinamia.

"Shangazi, nitajie wazee wetu. Wote, mpaka yule wa mwanzo."

"Nikikutajia, utaitikia nini?"

"Nitasikiliza tu."

"Kusikiliza si kuitikia, mwanangu."

Ndipo akamweleza. Kwao msichana hufundishwa majina na mvulana hufundishwa majibu, kila jina na jibu lake. Jina la marehemu likitajwa lazima lipokewe. Lisipopokewa limeanguka chini, na aliyelitaja hana ruhusa ya kuendelea.

"Majina nilipewa mimi. Majibu alipewa huyo mwenye tai."

"Basi yaseme peke yake, nikurekodi kwenye simu."

"Na simu yako itaitikia?" Shangazi akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mwambie kaka yangu. Tai imemkaba shingo, haijamkaba ulimi."

Fundi akamwambia. Mzee akakataa. Akamwambia tena, akajibiwa kwamba mambo ya kale yameliwa na mchwa. Shangazi naye, kila alipopata pumzi, alitupa dongo kutoka kitandani: "Bwana Karani, umeshaitwa kazini?" Mzee alijifanya anasoma gazeti, lakini ukurasa haukugeuka. Fundi alimwona hivyo akapata tumaini, maana asiyejali hugeuza ukurasa.

Jumapili mchana pumzi ya shangazi ikaanza kukatika. Mzee akaenda kuoga. Akarudi na shati lililopigwa pasi, tai imenyooka, akaketi kando ya kitanda kwenye kochi alilotengeneza mwanawe.

"Haya, dada," akasema. "Anza."

Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyeweka akiba miaka mingi na leo ameamua kuitoa.

Shangazi akataja jina la kwanza, la baba yao. Mzee akaitikia. Fundi hakuelewa neno, ila alisikia sauti asiyoijua, nyembamba, sauti ya kijana ikitoka katika kinywa cha meno ya bandia. Shangazi akataja la pili, la babu yao. Mzee akaitikia, na mkono wake ukapiga paja wenyewe, bila kutumwa.

Shangazi akataja la tatu.

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Nje jirani alikuwa akijaza ndoo, na maji yakasikika yakipanda mpaka yakamwagika.

"Kaka," shangazi akasema.

"Ngoja. Lipo."

Akalegeza tai. Midomo ikacheza. Mwishowe, kwa lugha ya ofisini, akasema, "Alikuwa mtu mwema."

Shangazi akajifunika khanga usoni.

"Shangazi, litaje tena," fundi akaomba. "Mara moja tu."

"Limeshaanguka," akajibu chini ya khanga. "Mimi si mtu wa kuwaokota wazee wangu kama maharage." Halafu, kwa upole uliowaumiza kuliko kejeli zake zote: "Nilidhani unakataa, kaka. Miaka yote nilikuwa nakusema kwa kukataa."

"Hata mimi nilidhani nakataa," mzee akasema.

Shangazi hakutaja jina lingine. Alifariki wiki hiyohiyo. Kaburini wageni walimsomea dua nzuri, za watu wengine. Mzee alisimama mbele ya udongo mbichi. Jibu la jina la dada yake hakuwahi kufundishwa na mtu, na wa kulitaja jina lenyewe hakuwapo.

Miezi ikapita. Fundi alikuwa karakanani, ameinamia kochi la mteja, misumari midogo imejaa mdomoni kama wafanyavyo mafundi makochi, aliposikia hatua mlangoni. Alikuwa baba yake, na hakuwa na tai.

"Nimekumbuka jibu," mzee akasema.

Fundi akaitema misumari kiganjani. "La yule wa tatu?"

"Si la yule. Ni la mwingine, wa kale zaidi."

"La nani?"

Mzee akaketi juu ya kochi lisilo na sponji, springi zikalia chini yake. Akalisema jibu lile, polepole, likiwa zima.

"Maana yake nini, baba?"

"Maana yake, 'Huyo ndiye aliyetungoja.'" Akaangalia mlangoni. "Lakini sijui ni nani. Na wa kunitajia ameshakwenda."

Fundi akarudisha misumari mdomoni, akaokota nyundo. Baba yake akalisema lile jibu tena, kwa sauti ya chini, akasubiri.