Jina la Mwenye Nyumba

Mwero dalali alikuwa na albamu ya picha. Nyumba aliyonionyesha ilikuwa na baraza pana na bahari nyuma yake, nami kwa ujuaji wangu nikampigia simu shoga yangu Twaiba kule Tanga: njooni, kila kitu tayari. Mimi na Twaiba tulisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, nilipolelewa na shangazi yangu huko. Kwa miaka mingi alikuwa akiniahidi kuvuka mpaka na mumewe Abubakar, wapumzike Diani wiki nzima kama wakubwa. Wakaja Desemba ya mwaka tisini na nane, na begi jipya.

Siku hiyo hiyo Mwero akatwambia nyumba ya kwenye picha imepata wageni wengine. Iko nyingine, akasema, nzuri zaidi tena tulivu. Akatangulia. Tukaipa bahari mgongo, tukavuka lami, tukaingia mikorosho, na mimi nikaanza kupunguza mwendo, maana njia ile naijua. Akasimama mbele ya nyumba ya Mwelu.

Mwelu na mumewe Muasya, Wakamba, walikuwa majirani zangu kwa miaka tisa. Walilima mahindi na kuuza makaa, na Mwelu ndiye aliyenipeleka hospitali nilipomzaa Iddi. Zilipozuka vurugu za Agosti ya mwaka uliotangulia, watu wa bara wakifukuzwa na kuchomewa nyumba, walikimbia na watoto na godoro moja. Mwelu alinipitia dirishani akanitia ufunguo mkononi. "Mama Iddi, niwekee tu," alisema. "Tutarudi."

Mwezi wa Mei Mwero alinijia akadai Muasya amemtuma aitazame nyumba. Nikampa ufunguo. Sikumwomba barua wala sikumwuliza alionana naye wapi. Nilikuwa nimechoka kupita pale kila siku na kuuona ule mlango, huo ndio ukweli, na Mwero alinipunguzia mzigo.

Sasa kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya buluu. Mfereji ulikohoa ukatoa kutu. Kitanda kilikuwa kimoja na kifupi, na Abubakar ni mrefu kama mnazi. Alizunguka uani akarudi.

"Shemeji, bahari iko wapi?" akaniuliza kwa upole.

"Nusu saa kwa miguu," Mwero akamjibu. "Kutembea ni afya, bwana." Kisha akakumbuka ana shughuli Ukunda, akaacha ufunguo mlangoni akatokomea.

Twaiba hakulalamika. Alisema alhamdulillahi, angalau pana kivuli. Laiti angenitukana. Nikajitia kazini kwa hasira: nikafagia, nikaleta chandarua na shuka zangu, nikateka maji kisimani kwangu ndoo nne. Kabati nililisukuma mpaka ukutani, pale masizi ya moto yalipokuwa yanachungulia chini ya rangi. Twaiba alinitazama nikisukuma.

"Lilikuwa na ubaya gani pale lilipokuwa?"

"Hapa litapata hewa," nikasema. Kabati litapata hewa! Hata mimi nilijicheka moyoni.

Dirisha la chumbani halikuwa na komeo. Twaiba akavua vikuku vyake vinne vya dhahabu, vya mahari, akanipa. "Niwekee kwako, Esha. Ni amana." Nikavifunga kwenye pindo la leso.

Alasiri akatoa chetezo na ubani kwenye begi. Kwetu, na kwao Tanga vilevile, mgeni halali kwenye nyumba ya kukodi kabla haijafukizwa, na mwenyeji wake ndiye anayeshika chetezo na kumwombea dua mwenye nyumba kwa jina lake. Makaa yakashika, moshi ukapanda. Abubakar alikuwa ametandika mkeka, anangoja tumalize ndipo asali.

"Haya, tumwombee nani?" Twaiba akauliza.

"Mwero," nikasema.

"Mwero si dalali? Nakuuliza mwenye nyumba."

Watu nimewadanganya, sikatai. Lakini chetezo kilikuwa mkononi mwangu, na dua ndiyo hiyo inaanza.

"Mwelu," nikasema. "Mwelu, mke wa Muasya."

"Huyo ni mtu wa bara. Yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza nikiutazama moshi, kwa sababu uso wake sikuuweza. Nilipomaliza, akauliza kitu kimoja tu.

"Mwelu alikwambia umpe mtu ufunguo?"

"La."

Abubakar alikuwa amesikia. Akainama akakunja mkeka wake taratibu. "Shemeji, utanisamehe," akasema. "Nyumba iliyochukuliwa bila radhi ya mwenyewe, mimi siwezi kusali ndani yake. Na nisiposali, nitalalaje?"

Wakafungasha. Abubakar akafunga mlango, akanipa ufunguo, nami nikaufunga kwenye pindo lilelile la leso. Njiani kwenda kwangu nilihisi nafuu, nisifiche. Nikajisemea, afadhali, watalala kwangu kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na Mwelu nitamwandikia barua, na mambo yatakwisha.

Nikawapa chumba changu. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Twaiba akala vizuri. Alicheka na Iddi, akamwambia kwamba mimi mama yake utotoni nilikuwa nikisinzia chuoni mpaka mwalimu ananirushia kofia. Nikacheka hata machozi yakanitoka. Nikaona amenisamehe.

Tulipokuwa tunatoa sahani, akaniita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Shoga, naomba vile vikuku vyangu."

"Si ulisema niwekee?"

"Nitavivaa tu mwenyewe."

Nikalifungua pindo la leso. Nikampa kimoja kimoja, akavivaa mbele yangu, vyote vinne. Kwenye leso ukabaki ufunguo wa Mwelu.