Usukani Uliosema "Tega"

Ngojangoja alifungua boneti, akalegeza nati ya waya mweusi wa betri, akauchomoa na kuufunga kitambaa usije ukarudi kugusa pale ulipotoka. Ufunguo wa gari akautia kwenye mfuko wa shati. Kisha akaegemea mlango, akakunja mikono, akangoja.

Kungoja huko ndiko kulikompa jina. Mfuko wa hewa unaolala ndani ya usukani haunyamazi papo hapo ukiukatia umeme. Hubaki na akiba kidogo, na akiba hiyo yatosha kumpasukia usoni fundi mwenye pupa. Mkanda nao una baruti yake ndogo ya kuukaza siku ya ajali. Mpiga rangi wa gereji alimcheka kila siku.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndugu yangu."

"Na haraka huvunja mbavu. Chagua mwenyewe pa kuumia."

Saa hakuziamini. Ya ukutani ilikuwa imesimama, na ya mkononi ukiitazama sana unaanza kuisukuma. Kwa hiyo alipima kwa vitendawili. Alitega, mpiga rangi akabahatisha, akashindwa, akatoa mji, akapewa jibu. Vikipita vigumu viwili, au vyepesi vitatu vinne, akiba imekwisha. Hapo ndipo alipofungua usukani, akautoa mfuko, akaubeba uso wake ukitazama mbali na kifua chake, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani anayetapika ovyo, akaulaza mezani chali. Kifudifudi hakuulaza hata siku moja. Ukishtuka hivyo, chuma chake hupaa hadi darini.

Mchana huo mpiga rangi alikuwa amekwenda kula. Ngojangoja akasema kwa mazoea tu, "Kitendawili!"

"Tega," usukani ukajibu.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini bila kinyongo. Ngojangoja akatega, maana aliyesema tega hupewa haki yake.

"Hunikumbatia kila siku, wala hanipendi."

Usukani ukafikiri. "Mkanda," ukasema. Kwenye nguzo ya mlango, mkanda ukakohoa kama mtu aliyetajwa mbele za watu.

"Haya. Nimemkata kichwa, bado anauma."

"Huyo ni mimi. Ila sasa nimeishiwa. Fungua."

Akafungua. Mpiga rangi aliporudi na kuelezwa, aliuliza jambo moja tu: kama usukani unajua na vile vya wanyama. Ulikuwa unajua. Tangu siku hiyo gari likiingia walitegeana watatu, na ikiwa ni usukani ulioshindwa, ulitoa mji vizuri, tena miji mikubwa yenye bandari.

Binti yake Ngojangoja alikuwa mkunga. Kazi ilimpeleka kila siku kwenye barabara ya mteremko, yenye kona juu ya kona, na alikuwa akiendesha gari alilopewa na mjomba wake, mwenye gereji, ambaye ni shemeji yake Ngojangoja. Lilikuwa limepata ajali mikononi mwa mwenyewe wa kwanza; mjomba akalinyoosha, akalipaka rangi, akamkabidhi mpwa wake mbele ya ukoo mzima. Bibi zake walipiga vigelegele hadi wakakauka makoo.

Basi siku moja akaja nalo gerejini, akabaki kwenye kiti cha dereva.

"Baba, mkanda huu nikiuvuta haurudi. Umelegea kama ulimi wa mbwa."

Ngojangoja akachomoa waya mweusi, akaufunga kitambaa, akaegemea mlango.

"Kitendawili!"

Kimya.

"Kitendawili!"

"Tega, Baba," binti akaitika kutoka kitini, kama alivyoitika utotoni.

"Nyamaza, mama. Sijakuuliza wewe."

Akamshusha. Akangoja muda wa vitendawili virefu ambavyo hakuna aliyevijibu, kisha akafungua usukani. Ndani mlikuwa na sponji ya godoro, matambara, na kipande cha shuka chenye maua. Baruti ya mkanda ilikuwa imeshaungua zamani. Chini ya dashibodi alikuta kijiwaya kilichowekwa kuidanganya taa nyekundu, ile ya kuonya kwamba mfuko una hitilafu, isiwake. Mfuniko ulikuwa umegandishwa kwa gundi ya kahawia, na gundi ile alikuwa akiiona kila asubuhi kwenye rafu ya shemeji yake.

Akamfuata ofisini na kile kipande cha shuka.

"Shemeji, usukani wa mtoto haujibu."

"Mikono yangu hii imenyoosha gari lile, halafu unaniletea habari za kujibu?" Mwenye gereji hakushangazwa na usukani unaosema, alikuwa akiwasikia kila mchana kupitia dirishani. "Taa inawaka?"

"Haiwaki."

"Basi tatizo liko wapi? Gari zuri, linang'aa. Kwani mtoto anakwenda kugonga?"

"Hakuna anayekwenda kugonga, Shemeji. Hugongwa."

"Mfuko mpya haupatikani. Matambara yapo. Wewe ulitaka nimpe mpwa wangu tundu tupu?" Alisema kwa upole, kama mtu aliyefanya hisani na haioni ikishukuriwa.

Ngojangoja akatoka nje. Gari lake mwenyewe lilikuwa pacha wa lile la binti, kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Akalikatia umeme, akategeana nalo kwa heshima, akalieleza anachotaka kufanya. Usukani ukauliza kama barabara ya mkunga ina kona. Akasema inazo nyingi. "Basi nipeleke," ukasema. Akauhamisha mfuko, akahamisha na mikanda na vikaza vyake, na jioni binti akaondoka huku usukani ukimtegea njiani.

Habari zikaenea. Wateja wakawa wanakuja gerejini, wanainama dirishani mwa magari ya kuuzwa, wanasema, "Kitendawili!" Yaliyokaa kimya wakayaacha. Mwenye gereji akatazama wiki moja, ya pili akaleta vispika vidogo, akavipachika katikati ya matambara. Tangu hapo kila usukani ulisema "Tega," tena kwa sauti nene na changamfu kuliko ile ya kweli.

Ngojangoja akawaambia wateja watege hasa, wasubiri jibu. Mmoja akamtazama kwa huruma.

"Mzee, limesema tega. Unataka liimbe?"

Akalipanda, akaondoka nalo.

Asubuhi Ngojangoja hulitoa gari lake uani. Ndani ya usukani wake mna sponji na shuka yenye maua, na taa nyekundu ameiacha iwake, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee humo kinachosema kweli. Hufunga mkanda uliolegea.

"Kitendawili," husema.

Hujiitikia mwenyewe, "Tega."

"Mlinzi wangu hulala kazini miaka yote. Siku akiamka, hufa yeye nikabaki mimi."

Hungoja, maana kungoja ndiyo kazi yake. Kisha hujipa mji, mkubwa, wenye bandari, na kwenda kazini taratibu.