Slaimu ya Mlenda

Sina ugomvi na aliyebuni slaimu, ila ningemkuta ningemkabidhi wanangu akae nao wiki moja tu. Lile dude la kuvutavuta, linanata mkononi kama kamasi, binti yangu Rahma aliliona kwenye simu ya baba yake, na tangu hapo nyumba yetu ya Utemini haikuwa na amani. Nikaahidi kuwatengenezea Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo mama mkwe akapiga simu kwamba yuko njiani kutoka Kinampanda.

Hapo nisikilizeni vizuri. Mimi ni mtoto wa Tanga, na kwa huyu mama nilitaka jambo moja tu: amalize bakuli la mlenda wangu. Tangu niolewe hajawahi. Anamega matonge mawili, anashukuru, anasema alikula njiani. Njiani wapi? Mlenda wenyewe, mboga ile ya majani inayoteleza, huniletea yeye, umekaushwa na kutwangwa ukawa unga, na mimi naupika kwa moyo wote, na magadi, na karanga, na tui zito la nazi. Roho ilikuwa inaniuma, siwezi kuficha.

Basi asubuhi nikasonga ugali wa mtama, nikaufunika kwenye hotipoti, nikasema sasa nimalizane na hawa watoto. Tukachanganya gundi na sabuni ya unga kama video ilivyoagiza. Ukatoka uji wa mgonjwa. Haji, ambaye ndiyo kwanza ana miaka minne, akauliza kama huo ndio mwisho. Rahma akalia. Nikamwaga yote, nikawanawisha vizuri, nikawaambia slaimu imekufa na mtu asiniulize. Kisha nikatoka kwenda gengeni kutafuta nazi, maana nazi huku bara haziokotwi.

Nazi ile ilinichelewesha. Niliporudi, viatu vya mama mkwe viko mlangoni, mwenyewe yuko mkekani, hotipoti wazi, anakula. Nikapiga magoti nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mdomo umejaa. Wanangu wamekaa mbele yake wamemtolea macho.

Nikaangalia bakuli. Mlenda wa kijani, unavutika kutoka bakulini mpaka mdomoni bila kukatika. Na mimi sijapika mlenda.

Rahma akaninong'oneza yote. Walichukua unga wa bibi, wakaumwagia maji ya moto ya chupa ya chai, ambayo nimewakataza kuigusa, wakatia magadi, na chumvi kidogo kwa sababu kwenye video kulikuwa na chumvi. Wakapekecha kwa zamu mpaka ukavutika, ulipopoa wakauchezea weee, halafu wakaufunika. Bibi akaingia na njaa ya safari, akajua ameandaliwa.

Bakuli lilikuwa linakaribia kwisha, jambo nililoliomba miaka yote, na shetani akanishauri ninyamaze. Ningenyamaza kweli, ila Haji akaangua kilio.

"Bibi anamaliza slaimu yetu."

Mama mkwe akasimamisha tonge. Ikabidi nimweleze kila kitu, nazi nimeikumbatia. Akauliza tu kama watoto walinawa mikono. Nikasema niliwanawisha mwenyewe. Akapeleka tonge mdomoni.

"Hawa hawakutia nazi," akasema.

"Mama, kumbe ni nazi?"

"Ni nazi, mwanangu. Niliogopa kukuambia, usije ukasema mama mkwe ana maneno."

Jamani! Huyu mama ninayemwogopa hivi, naye alikuwa ananiogopa mimi. Nikacheka mpaka nikalia, na yeye akacheka, akalipangusa bakuli kwa tonge la mwisho mpaka likang'aa. Haji ndiye hakuona cha kuchekesha.

Bibi akanawa, akafungua mkoba wake, akatoa fuko la unga mpya na kuagiza maji ya moto na bakuli kubwa. Watoto wakasogea. Mimi nikainuka niende jikoni kama ilivyo desturi yangu akija, akanishika upindo wa khanga.

"Na wewe kaa. Tucheze kwanza, tutapika baadaye."