Kupita Mbele ya Geti la Mama

Tangu madaktari wa Zambia wanikate tumbo ili nipungue unene na kuniachia kijifuko cha ukubwa wa yai, sisikii njaa. Watu wakisikia hivyo wanadhani nimebarikiwa. Hawajui maana ya kula kwa sababu kengele ya simu imelia. Inalia, natafuna kipande cha samaki, nakaa, nangoja. Maji sinywi pamoja na chakula, nayanywa baadaye, funda moja moja. Ladha ipo. Hamu ndiyo haipo, na ilipoondoka iliondoka na mengine mengi. Hasira imebaki kidogo. Furaha sijui iliko.

Nilianza kukimbia kwa sababu daktari aliniambia nitembee, na kutembea kunanichosha akili. Jumamosi asubuhi nakimbia na kikundi cha wakimbiaji wa mtaa wa Karavia. Hénoc, muuguzi anayekimbia nasi, ndiye aliyenifundisha kujilisha njiani: nusu ndizi kabla ya kutoka, kijiko cha siagi ya karanga kama tumbo limekubali, na chupa ya maji yenye chumvi kidogo na sukari ya kunusa tu. Sukari nyingi ikishuka kwa mkupuo, mwili wangu unafanya fujo: moyo unakwenda mbio, jasho baridi linatoka, miguu inaisha. Ukilala chini, inapita. Nilishalala chini mara nyingi, nimezoea.

Shida ilikuwa Ruashi, kwa mama. Yeye ni mjane wa mfanyakazi wa reli, mkatoliki wa kila misa, na mtaani wanamwita Mama Léonie, kwa jina langu. Kwetu ukikataa chakula nyumbani kwa mtu, umeshasema bila kufungua kinywa kwamba nyumba hiyo ina ulozi. Na mimi kila nikienda naacha bukari, ugali wetu, kwenye sahani. Nilikuwa mnene wa kusifiwa, nikakonda mbele ya macho yao. Wakaamua wenyewe: Mama Léonie anamla mtoto wake.

Niliwaeleza habari za upasuaji. Mado, jirani wa ukuta kwa ukuta, alinisikiliza hadi mwisho.

"Sha Léonie," akasema, "muntu mwenye haiko mugonjwa, anakubali bamukate tumbo? Unafunika mama yako. Iko muzuri, ni mama yako."

Ukibishana na Mado utazeeka. Kanisani benchi la mama likaanza kubaki na nafasi. Yeye hakulalamika; alihamia tu misa ya alfajiri, ile isiyo na watu. Nilijua kwamba ilipaswa kuniuma. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika.

Kisha kikundi kikatangaza nusu marathoni, kutoka Karavia hadi Ruashi, njia ikipita mbele ya geti la mama. Hapo nikapata wazo. Nilimwambia mama aite majirani, asimame getini na kikombe kidogo cha supu nyepesi ya kuku, yenye chumvi. Nitakunywa mbele yao wote, mafunda machache, waone kwamba napokea kutoka mkononi mwake. Jina lake lingesafishika palepale, barabarani.

"Supu ya maji maji?" mama akauliza. "Mbele ya bantu?"

"Njo hivyo, mama. Na sukari usitie kwa kitu yoyote."

"Minasikia, mwana yangu."

Siku ya mbio kulikuwa na baridi ya Juni na vumbi. Nilikimbia vizuri. Nilikunywa funda nilipotakiwa, mji ukapita pembeni, sikuwaza kitu. Tulipoingia Ruashi malori ya mgodi yalikuwa yamesimamishwa kutupisha, na mbele niliona watu wamejipanga getini kwa mama kama wanangoja bibi harusi.

Mama alikuwa amevaa kikwembe chake cha sikukuu. Mikononi alishika gobeleti, kikombe kikubwa, na ndani yake hapakuwa na supu. Ilikuwa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Nilielewa mara moja alivyofikiri: mtoto wangu anapita mbele ya mtaa mzima, mimi nimpe maji ya chumvi? Mgeni wa heshima anapewa munkoyo, na munkoyo wa heshima unatiwa sukari mpaka kijiko kichoke.

"Kunywa, mwana yangu," akasema, akitabasamu. "Minatia sukari mingi, upate nguvu."

Mado alikuwa nyuma yake, mikono kifuani. Kuonja na kurudisha ndicho kitu walichokuja kuona. Nikanywa yote.

Watu wakapiga makofi. Mama alicheka, na kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Nikakimbia nikiomba nifike kwenye kona, nianguke nikiwa nimejificha. Sikufika. Nilianguka wakinitazama.

"Munaona?" ilikuwa sauti ya Mado. "Anakunywa ya mama yake, njo anaanguka."

Mama alikuja mbio, wanawake wawili wakamshika kikwembe. "Usimuguse," wakamwambia. Nilikuwa chini, ulimi mzito, natazama yote hayo kama televisheni ya dukani isiyo na sauti. Hénoc aliniinua miguu, akawaeleza habari za sukari na upasuaji. Alieleza vizuri sana. Hakuna aliyemsikiliza.

Ilipopita nikasimama. Hénoc alitaka nimalize mbio, kilomita zilizobaki hazikuwa nyingi. Nilitoa namba kifuani nikarudi kwa mama, nikaketi mlangoni, mahali ambapo kila mtu angeniona.

"Mama, nipe bukari."

Alikuwa amesimama jikoni akiangalia viganja vyake.

"Léonie," akasema polepole, "banasemaka muntu anaweza kuwa mulozi na yeye mwenyewe hajue. Inatoka tu mu ndoto. Pengine njo miye."

"Mama, ni sukari."

"Ile sukari, ni mukono yangu ilitia."

"Miye shikuogope, mama. Nipe bukari."

Akaleta sufuria, akaiweka chini mbali kidogo nami, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mikono aliificha ndani ya kikwembe.

"Jipakulie weye mwenyewe. Miye shiguse tena chakula yako."

Nikachota. Nje majirani walikuwa wakinihesabia matonge. Nilitafuna moja kwa muda mrefu, kama ninavyotakiwa, nikameza, na hapo nikaumia. Si kwa tonge; niliumia kweli kwa ajili yake, chini ya mbavu, ambako tangu upasuaji hapakuwa na kitu. Niliinua macho nimwambie mama kwamba nimekula, imeshuka vizuri. Alikuwa amegeuza uso ukutani, ili macho yake yasiniguse.