Kompyuta Sita Zinakumbuka

"Sisaini ng'o!" Nikaisukuma kalamu mpaka ikaanguka chini, mkurugenzi akiangalia.

Aliyeniletea barua ile ni mjomba wangu, mkuu wa waandishi wa programu ofisini kwetu, tena ndiye aliyeniingiza kazini. Jumatatu programu tuliyoiandikia zahanati moja ilianza kutoa dozi za watoto maradufu. Bahati nzuri muuguzi alishtuka mapema. Sasa barua ilisema mimi ndiye niliyeharibu, nimekiri, naacha kazi.

"Damu nzito kuliko maji, mpwa wangu," mjomba akaninong'oneza. "Wewe bado kijana, utapata kwingine."

Ati kijana! Miaka thelathini na nne hii, kumi nimeimalizia ofisini humu. Nikamrudishia barua yake.

"Tuangalie kumbukumbu za mabadiliko," nikasema.

"Seva imefutika," akajibu upesi. "Historia yote imekwenda na maji."

Hapo nikacheka. Mjomba alianza kazi enzi za kuhifadhi faili kwa majina: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli". Ukaja mfumo wa seva moja, historia yote ikikaa pale. Ukiifuta, umefuta kila kitu. Lakini mwaka jana tulihamia mfumo mwingine, na mafunzo yake aliyakwepa, eti yeye hafundishwi na watoto. Katika huu, kila anayevuta kazi kwenye kompyuta yake anavuta na historia nzima: nani kabadilisha nini, na lini.

Nikafungua kompyuta yangu, nikautafuta mstari wa dozi. Ijumaa, saa nane mchana, jina la mjomba. Chini yake maelezo aliyoyaandika mwenyewe: "Marekebisho madogo. Hakuna haja ya kujaribu."

Mkurugenzi akasogeza miwani, akasoma mara mbili.

"Hiyo kaichezea!" mjomba akafoka. Kisha akainama sikioni kwangu. "Ifute, mwanangu. Mama yako atasemaje?"

Nikamgeuzia kibodi. Nilijibu kwa sauti, kila mtu asikie.

"Futa mwenyewe, mjomba. Ukimaliza, zipo kompyuta nyingine tano zenye historia hiyohiyo, na wenyewe wamekaa nje ya mlango huu. Na mama nitamweleza mimi."

Hakuigusa kibodi. Mkurugenzi akainama, akaiokota kalamu, akaiweka mbele ya mjomba.