Ndovu wa Mama Faiza

Punda wa wauza maji wa mtaa wa Kaloleni, Voi, walikuwa hawapiti mbele ya hoteli ya Mama Faiza. Ukiwavuta wanakaa chini kama ngamia, ukiwachapa wanalia mpaka wenye nyumba watoke na mikwaju. Sababu ilikuwa ndovu. Sisemi wale wanaotoka mbugani kuvunja mahindi ya watu, hao punda wa Voi wamewazoea, hata huamkiana. Nasema ndovu aliyechorwa ukutani na Katuku: ameketi mezani pamoja na wateja, mkonga ndani ya kikombe cha chai, jicho moja limemkazia apitaye kana kwamba amuuliza anatoka wapi. Kuna watu hudai nazidisha chumvi. Nazidisha, lakini si kwa punda.

Katuku alikuwa fundi wa rangi. Alipanda gari la moshi kwao Ukambani akienda Mombasa, akashuka Voi kununua machungwa, gari likamwacha, naye akakaa miaka thelathini. Mbuzi anayecheka nje ya bucha alikuwa wake. Vichwa vya kwenye vibanda vya vinyozi, vyake. Twiga wa stendi, wake. Ila hakuna kilichodumu. Twiga alifunikwa na mgombea udiwani, mbuzi akafunikwa na tangazo la soda, na kila mwenye duka mpya Voi huanza biashara kwa kopo la rangi.

"Mwenzangu," aliniambia siku moja tukinywa chai, "nimeuchora mji huu wote, na nikifa leo huna ukuta wa kumwonyesha mtu."

Mwaka wa tisini na sita, basi la Nairobi likapata pancha hapo karibu. Abiria wakaingia kwa Mama Faiza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyebaki barabarani akimtazama ndovu mpaka chai aliyowekewa ndani ikapoa. Aliitwa Fridah, na kazi yake ilikuwa katika jumba la makumbusho.

"Huu wekundu umeutoa wapi, mzee?" alimuuliza Katuku.

"Ni mchanga wa hapa tu. Nachekecha na kipande cha leso, nachanganya na vanishi."

Fridah akatueleza kwamba wanatafuta kazi za wachoraji wa mitaani ili zihifadhiwe. Angerudi Ijumaa ya wiki iliyofuata pamoja na mkubwa wake. Mkubwa akikubali, ukuta ungekatwa, ukasafirishwa Nairobi, na hakuna mtu angepaka kitu juu yake tena.

"Hakuna mtu?" Katuku akauliza. "Hata wakati wa uchaguzi?"

"Hata wakati wa uchaguzi."

Mwanaesha, ndiye Mama Faiza mwenyewe, alikuwa mlangoni mikono kiunoni. "Mwanikata ukuta, na wateja wangu wale kwenye upepo?"

"Tutakujengea mwingine, mama. Wa mawe."

"Wa mawe? Basi kata na wa jikoni."

Wiki ile Katuku hakulala vizuri wala hakutulaza sisi. Kila mpita njia alielezwa habari ya Nairobi, hata wale waliokuwa wanaulizia choo tu. Alhamisi akaenda Mwatate kuazima koti la shemeji yake.

Ijumaa asubuhi nilimlaki stendi, tukashika njia ya Kaloleni. Koti lilikuwa limembana mabega akawa anatembea kama askari wa gwaride. Tulipokata kona, akasimama ghafla.

Punda walikuwa wanapita. Watatu, na madumu yao, masikio yamelala, mbele kabisa ya hoteli ya Mama Faiza.

Ukuta ulikuwa mweupe pe.

Wewe unajua desturi yetu. Mkubwa akisemekana yuaja, mawe ya barabarani hupakwa chokaa, na miti hupakwa mpaka kiunoni. Mwaka mmoja walimpaka hata mbwa wa karani aliyelala karibu na mlingoti wa bendera. Lakini Mwanaesha alikuwa na sababu yake nyingine. Kila Idi ikikaribia yeye ndiye aliyekuwa akipaka ukuta, kisha anamwita Katuku achore upya juu yake.

"Nimekutayarishia pahali pasafi," akasema, chokaa bado imo kwenye nyusi. "Yule alikuwa na masizi. Mgeni hupewa cha jana?"

"Mama Faiza, wanamtaka huyo huyo wa jana."

"Na masizi yake?"

"Na masizi yake."

Mwanaesha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Katuku akaketi ngazini. Koti likapasuka mgongoni, na hakuna aliyecheka, ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Gari la wageni likafika. Fridah akashuka, akatazama ukuta, akatazama jina la hoteli. Mkubwa wake alikuwa bwana mnene aliyening'iniza miwani shingoni.

"Fridah, ndovu yuko wapi?"

Katuku akavua koti. "Yuko ndani," akasema, akachovya kitambaa cha meza ndani ya maji.

Chokaa haing'ang'anii rangi ya mafuta, hasa ikiwa ya jana. Ukatoka mkonga, kikafuata kikombe. Wateja wakaacha mahamri, kila mmoja na kitambaa chake. Yule bwana mnene naye akakunja mikono ya shati. Ndovu akatokea mapande mapande, michirizi myeupe imembaki mgongoni kama aliyetoka kujimwagia vumbi. Wa mwisho kusuguliwa ulikuwa uso, na jicho likatiririka lote mpaka chini. Siku ya kulichora Katuku aliishiwa na rangi nyeusi, akatumia masizi na bluu ya kufulia nguo.

"Nipeni kidogo tu nilirudishe," akasema, akitafuta brashi.

"Usiguse," yule bwana akamzuia. "Chokaa hii ni ya nani?"

"Yangu," akajibu Mwanaesha, tayari kwa ugomvi.

Bwana akamuuliza kwa nini, tangu lini, nani alimfundisha. Kadiri alivyojibiwa ndivyo alivyozidi kusogea karibu na ukuta. "Tunamchukua hivi hivi," akasema mwishowe. "Ukimtia jicho leo, huyo ni ndovu mwingine."

"Kipofu?" Katuku akauliza.

"Kipofu."

Ukuta ukakatwa, ukafungwa kwa magodoro, ukaenda. Mwanaesha akapata wa mawe, ingawa wa jikoni walimkatalia.

Miezi ikapita, tukaalikwa Nairobi. Garimoshini Katuku alinionyesha kitu mfukoni: brashi nyembamba na kichupa cha rangi nyeusi. "Sitachukua muda," akaniambia.

Ndovu alikuwa ukumbini, taa juu yake, kamba nyekundu mbele. Katuku akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama kupita chini ya kamba.

"Mzee, rudi nyuma." Alikuwa mlinzi, jina Josephat limeshonwa kifuani, mtu wa Taveta kwa lafudhi. "Hairuhusiwi kugusa."

"Hata aliyemchora?"

"Huyo ndiye tuliyeambiwa tumchunge zaidi."

Katuku akajirudisha polepole. Akatoa mkono mfukoni, mtupu.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Tumchunge zaidi."

Nikamwambia twende tukatafute chakula. Akakataa, akavuta benchi. Alitaka tukae kidogo, tumwone Josephat akimfukuza mwingine.